Kalamu ya Risasi Haina Risasi

Kalamu ya risasi haina risasi, na haijapata kuwa nayo. Kilichomo ndani ya ule mti ni kaboni nyeusi iliyosagwa, ikakandwa na udongo wa mfinyanzi, kisha ikachomwa tanuruni. Mapishi hayo aliyasajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, na viwanda vinayafuata mpaka leo. Kosa liko kwenye jina, nalo ni kongwe kuliko Conté. Katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, ulipatikana mwamba mweusi unaochafua vidole, na inasimuliwa kwamba wachungaji wakawa wanautumia kutia alama kondoo wao. Waliouona walidhani ni aina ya risasi, maana unang'aa vile vile na unaacha mstari vile vile. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alionyesha kuwa ni kaboni, na miaka 10 baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akaupa jina jipya, grafiti, kutokana na graphein, kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuandika. Wataalamu wakalifuata jina hilo vitabuni, watu wengine wakabaki na lao. Mwarabu akasema qalam rasas, Mjerumani akasema Bleistift, nasi tukalipokea la Mwarabu zima zima, kosa likiwa ndani yake.

Pale Mlaleo, hapa Mombasa, kuna seremala ambaye huichomeka kalamu hiyo sikioni, ile bapa isiyobingirika, wala hapendi mtu aiazime. Nilimuuliza, "Ami, hiyo waiitaje?" Akanitazama kama niliyetoka jua kali la mchana. "Kalamu ya risasi. Penseli ni ya watoto wa shule." Kwake hivyo ni vitu viwili: cha duara chenye kifutio ni penseli, na cha bapa cha kupigia mstari ubao wa mkangazi ni kalamu ya risasi. Kamusi zetu hazikuifikiria tofauti hiyo, na kwa maoni yangu zingefaa kuichukua.

Sina ugomvi na seremala. Neno halilazimiki kusema kweli ndipo lifanye kazi. Ila risasi limebeba mzigo mkubwa mno. Ni madini yenyewe, yale mazito na laini. Ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ni kile anachoyeyusha fundi wa redio ili waya ushike kwenye bodi, na ndicho mvuvi anachotengenezea chubwi ya mshipi wake. Ukiongeza na weusi wa penseli, mtoto akiuliza kwa nini risasi moja ina sumu na nyingine anaitafuna darasani wala haimdhuru, mwalimu atakuwa na kazi.

Wapo wanaoona dawa ni kufuata vitabu na kusema grafiti. Jaribu kulitamka neno hilo kwenye steji ya matatu za Kisauni. Kila kijana atainua macho kutazama gari, kwa sababu grafiti kwao ni ile michoro ya rangi inayofunika mabati kutoka boneti hadi mlango wa nyuma: sura za wanamuziki, wachezaji mpira, herufi zilizovimba. Maneno hayo mawili ni ndugu wa mbali, maana yote asili yake ni kitenzi kile cha Werner, lakini undugu wa Athene haumsaidii mtu anayekaa Bombolulu. Yakiandikwa kwa tahajia yetu yanakuwa neno moja, na katika mji huu mchoro wa matatu umekwisha kulimiliki.

Jina lipo, tena zuri, na limekuwa likitumika miaka yote hii umbali wa siku moja kwa basi. Ni kinywe. Wizara ya Madini ya Tanzania, redio za huko na magazeti ya huko husema madini ya kinywe, na msikilizaji haombi kufafanuliwa. Kinywe cha Mahenge, wilaya ya Ulanga. Kinywe cha Ruangwa, mkoani Lindi. Hata Mererani, inakotoka tanzanaiti, kinywe kimo ndani ya miamba ile ile inayohifadhi kito cha buluu. Sikio la Mombasa, likilisikia mara ya kwanza, hukimbilia kinywa na kinywaji, halafu hucheka. Likilisikia mara ya tatu huwa limezoea.

Kinachoniudhi ni kuwa neno limeishia mpakani Horohoro na mwamba umevuka. Miamba yenye kinywe ya Tanzania ni ya ukanda mkongwe unaoanzia Msumbiji, ambako mgodi wa Balama katika Cabo Delgado ni miongoni mwa mikubwa duniani, ukapanda kaskazini hadi kwetu. Milima ya Taita imo. Ile tsavoraiti ya kijani ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliifuata kutoka Tanzania hadi Taita-Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970 hukaa ndani ya miamba yenye kinywe, na wachimbaji wadogo wa huko hutoka mashimoni na viganja vyeusi. Mkoa wetu wa zamani wa Pwani umekalia kitu ambacho Pwani haina jina lake.

Nimekaa na mambo haya kwa sababu nyuma yake kuna neno jingine linabisha hodi. Limekwisha kufika Kisauni kabla ya kitu chenyewe: limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa za dawa ya kung'arisha rangi ya gari, na kijana anayeosha magari hulisoma kwa namna yake, leo hivi, kesho vile. Ni jina la tabaka moja tu la kinywe.

Kinywe kimejengwa kwa matabaka. Ndani ya tabaka, kila atomu ya kaboni imewashika jirani watatu kwa nguvu ya ajabu, ikatokea safu ya vyumba vya pembe sita visivyokwisha. Kati ya tabaka na tabaka mshiko ni dhaifu. Ndiyo maana kalamu inaandika: unapoisukuma juu ya ubao, matabaka huteleza na kubaki nyuma. Unene wa tabaka moja ni nanomita 0.335, kwa hiyo kipande cha kinywe cha milimita moja kina matabaka yapata milioni 3. Wanafizikia walijua jambo hili zamani. P. R. Wallace alikwisha kupiga hesabu za tabaka moja mwaka 1947, akiwa na haja ya kukielewa kinywe tu, bila kutazamia kwamba kuna atakayelishika tabaka lenyewe.

Aliyelishika alitumia selotepu. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov, wote wawili wazaliwa wa Urusi, walibandika utepe kwenye kinywe, wakaubandua, wakaukunja juu ya kile kilichonasa, wakabandua tena, na tena, hadi vikabaki vipande vya tabaka moja vilivyolazwa juu ya silikoni. Walichapisha habari hizo Oktoba 2004, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Napenda kwamba kifaa chenyewe kinauzwa katika kila duka la vifaa vya ofisi, na kwamba utepe huo maabara zilikuwa zikiutumia kusafishia kinywe kisha zikiutupa, uchafu ukiwa ndiyo mali.

Basi tuliiteje tabaka hilo?

Mtu wa Mombasa akitaka kuunda neno humkumbuka Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi mjini hapa hadi alipofariki mwaka 2017. Runinga ni yake. Ngamizi pia ni yake, ingawa kompyuta na tarakilishi zimeisukuma pembeni. Katika Umbuji wa Mnazi, kilichotoka mwaka 1985, aliyakusanya majina ya mnazi na kila kitokacho kwake ili yasipotee. Msimamo wake ulikuwa kwamba kabla ya kukopa ng'ambo mtu apekue kwanza nyumbani, katika lahaja, kwa mafundi na wavuvi. Nikaanza kupekua.

Mkononi likaja kwanza shina la kutanda. Wingu hutanda. Kitanda, tandiko na mtandao wote ni watoto wa nyumba hiyo. Utando ni ule wa buibui, ule wa maziwa yaliyopoa, na katika vitabu vya biolojia ule wa seli. Utandu, kwa badiliko la irabu moja, ni wali ulioshika chini ya sufuria, ambao watoto huugombania. Utando wa kinywe, basi? Si jina baya. Lakini utando ni kitu kinachotokea chenyewe juu ya kitu kingine, laini, kinachoondolewa kwa kijiko. Tabaka la Manchester si laini hata kidogo.

Ndipo nikafika kwenye kuwamba. Anayeweka ngozi juu ya mzinga wa ngoma anawamba ngoma, na aliyepitisha kamba kwenye fremu ya kitanda, mshazari na mshazari hadi ikavutika sawasawa, amewamba kitanda. Kiwambo ni kile kilichowambwa. Neno linadai mambo mawili kwa pamoja: wembamba na mvuto. Mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Changgu Lee na wenzake walichukua tabaka moja la kaboni, wakaliwamba juu ya vishimo vyenye upana wa takriban maikromita moja hadi moja na nusu, wakalibonyeza katikati kwa ncha ya almasi hadi likapasuka. Walipopiga hesabu wakapata nguvu ya gigapaskali 130, ambayo ni zaidi ya mara 100 ya chuma cha pua cha kawaida cha ujenzi. Hapakuwa na kitenzi cha Kiingereza kizuri kama chetu kwa walichokifanya. Kamati ya Nobeli, katika maelezo yake, iliwaza susu ya mita moja ya mraba iliyofumwa kwa tabaka hilo: ingembeba paka wa kilo 4, na yenyewe ingekuwa na uzito wa miligramu 0.77, karibu sawa na uzito wa sharubu moja ya paka huyo. Mombasa paka tunao wa kutosha kufanyia majaribio.

Sifa nyingine hazina haja ya maneno mapya. Tabaka hilo hupitisha mwanga karibu wote na kuzuia asilimia 2.3 tu, na bado asilimia hiyo yatosha kuonekana kwa jicho, ingawa ni atomu moja kwenda chini. Joto hupita ndani yake haraka kuliko ndani ya shaba, mara kadhaa. Umeme nao, kwa kuwa kila kaboni ina mikono minne na imetumia mitatu kuwashika jirani, hutembezwa na ile elektroni ya nne isiyo na wa kumshika.

Kiwambo cha kinywe. Nilifurahi nacho wiki nzima. Kina sauti ya pwani, kinasema ni cha nini na kimetokana na nini, na ngeli yake haina matata: kiwambo, viwambo. Halafu nikajaribu kukitumia kazini, nacho kikaanza kunivunja moyo.

Kisauni ina visima vingi, na maji ya vingi vyavyo ni ya chumvi. Watu huyaogea na kufulia, ya kunywa na kupikia wakanunua mitungi ya maji matamu inayoletwa kwa mkokoteni. Kwa hiyo habari inayotugusa zaidi katika elimu hii nzima ni ile ya mwaka 2017, pale kundi la Rahul Nair, huko huko Manchester, lilipotengeneza chujio kwa oksidi ya tabaka hizo. Tatizo la chujio za namna hiyo lilikuwa moja: zikiloa zinavimba, mianya inapanuka, chumvi inapita. Wao walizibana pande zote kwa gundi ya epoksi zisivimbe, na mianya ikabaki midogo kiasi cha kuacha maji yapite na kuzuia chumvi ya kawaida. Bado ni kazi ya maabara, na kutoka pale hadi kisima cha Mjambere ni safari. Lakini jaribu kuitangaza redioni. Chujio la aina hiyo jina lake ni kiwambo. Kilichotengenezewa ni oksidi ya kiwambo cha kinywe. Kwa hiyo mtangazaji atasema: kiwambo cha oksidi ya kiwambo cha kinywe. Msikilizaji amekwisha kubadilisha stesheni.

Zege ndilo lililokimaliza kabisa. Mwaka 2021 huko Amesbury, Uingereza, sakafu ya jumba la mazoezi ilimwagwa kwa zege lililotiwa chembe kidogo mno za tabaka hizo, nia ikiwa kupata nguvu ile ile kwa simiti pungufu. Sisi tunaoishi jirani na kiwanda cha Bamburi, kinachochoma mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950, tunajua simiti inavyokula moto, na huko kuchomwa kwa mawe ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya lawama ya hewa chafu inayowekewa simiti duniani kote. Sasa katika zege lile hakuna kilichowambwa. Ni vumbi jeusi ndani ya ndoo ya maji. Kuliita vumbi hilo kiwambo ni kama kumwita mtu bwana harusi kwa sababu aliwahi kuoa.

Basi neno la kukopa, lakini lipi? Macho yanataka grafeni, sikio linataka grafini. Hapa nilipata msaada kabatini. Mwaka 1986 Mjerumani Hanns-Peter Boehm na wenzake wawili walipopendekeza jina la tabaka moja, walichukua shina la neno la Werner wakaliunga na mwisho wa majina ya jamii ya naftalini na antrasini. Hawakufanya hivyo kwa mapambo. Naftalini, zile tembe nyeupe ambazo mama zetu huzitia kwenye sanduku la kanga kuzuia nondo, ni vyumba viwili vya kaboni vya pembe sita vilivyoshikana ukuta. Antrasini ni vitatu. Ongeza chumba kando ya chumba, pande zote, pasipo kikomo na utakuwa na tabaka la Geim na Novoselov. Kiswahili kimekwisha kuumeza mwisho ule na kuutoa kama -ini. Mwanawe wa mwisho hana sababu ya kutoka na sura tofauti. Grafini, basi, na oksidi ya grafini, na zege la grafini. Yote yanatamkika kwa pumzi moja.

Kuna sharti. Grafini na grafiti zimeachana kwa konsonanti moja, na kelele za barabara ya Kisauni zingezichanganya kabla ya adhuhuri. Grafini itakaa salama ikiwa jiwe lenyewe tutaliita kinywe.

Na mpaka kati ya majina hayo mawili una pesa ndani yake. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Viwango liliweka ufafanuzi: tabaka moja ni grafini, mawili ni grafini ya matabaka mawili, kuanzia matatu hadi 10 ni grafini ya matabaka machache. Kupita hapo, kwa lugha yetu, umerudi kwenye kinywe. Mwaka uliofuata watafiti waliokuwa pamoja na Antonio Castro Neto, wa Singapore, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa za wazalishaji 60 wa grafini duniani. Nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Mnunuzi alikuwa amelipa bei ya grafini akabeba kinywe kilichosagwa, ambacho mchimbaji wa Ruangwa angemuuzia kwa tani. Yule kijana wa kuosha magari, chupa ikiwa mkononi, ana haki ya kuuliza ndani mna tabaka ngapi, na sasa ana maneno ya kuulizia.

Kutengeneza ya kweli kwa wingi ndiko kugumu. Njia iliyonivutia ni ya James Tour na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, waliyoitangaza Januari 2020: kitu chochote chenye kaboni, iwe makaa, mabaki ya chakula, mpira wa gurudumu au plastiki, hupigwa mshtuko mkali wa umeme, joto likapita nyuzi 2,700 za Selsiasi, na ndani ya chini ya sekunde moja kaboni hujipanga kuwa grafini. Matabaka yake hayakulaliana sawa kama ya kinywe, na hiyo ni faida, maana huachana kwa urahisi. Wanaolijua jaa la Mwakirunge, lenye kila aina ya hizo malighafi, wataelewa kwa nini nilisoma habari hiyo mara mbili.

Kuwamba sikukuacha. Kitenzi hicho ni cha maabara yoyote itakayovuta grafini juu ya tundu, Columbia au kwingineko, na kiwambo ni chujio lile la Nair. Nilichokosea ni kutaka neno moja liwe jina la kitu na la kazi yake.

Sasa nahangaika na jingine. Mwaka 2018 Yuan Cao, Pablo Jarillo-Herrero na wenzao katika taasisi ya MIT, Marekani, walilaza tabaka moja la grafini juu ya jingine, lakini la juu wakaligeuza kidogo, nyuzi 1.1 tu, halafu wakalipoza karibu na baridi ya mwisho. Umeme ukapita bila kizuizi chochote. Kugeuza huko hakuna kitenzi chake. Kusokota ni kwa kamba. Kupinda ni kwa ukingo. Mkeka uliotandikwa pembe zake zisikutane na pembe za chumba, watu wa hapa husema umekaa pogo. Grafini pogo. Naanzia hapo.